Ngitili ya Sikujua

Siku hizi watu wa miradi wanakuja na magari na vizibao vyenye maandishi mgongoni, kutufundisha ngitili, malisho yetu ya akiba. Nawasikiliza, nakunywa soda yao, nanyamaza. Mimi Scolastika binti Maduhu nifundishwe ngitili! Haya.

Baba yangu alikuwa kiongozi wa Bagalu kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kutoka Shinyanga mjini. Bagalu na wapinzani wao Bagika walikuwa vyama vya ngoma, na vya jembe pia. Mtu akizidiwa na shamba aliwaita, wakalima kwa nyimbo, wakala, wakaenda zao. Hakuna aliyewalazimisha. Lakini ubishi wao! Bagika wakilima hadi adhuhuri, Bagalu hawakuweka jembe chini mpaka jua lizame. Nayakumbuka majigambo yale hadi moyo unauma.

Mwaka 1952 mbung'o walikuwa wanatumalizia mifugo. Athanas, bwana miti wa serikali, akaviomba vyama vyote viwili vifyeke pori ili mbung'o wakose kivuli. Ndani ya pori hilo kulikuwa na ngitili ya Sikujua, mjane jirani yetu: kipande cha malisho alichokifunga tangu masika, ng'ombe wake wanne wapate nyasi kiangazi, kila mahali pakiwa vumbi. Athanas alikikagua, akasema hakina vichaka vya mbung'o, akakizungushia mawe yaliyopakwa chokaa. Na baba alimwahidi Sikujua kwa kinywa chake kwamba hakuna shoka litakalovuka mawe yale.

Bagika walianzia upande wa mashariki, Bagalu magharibi. Kufikia saa nane walikuwa wanasikiana, na Bagika wakatunga wimbo kwamba Bagalu wanakata miti kama wanawake wanaochuma mboga. Ah, baba! Jiwe aliliona. Alituambia mwenyewe baadaye: aliliona, akafikiri, nikisimama hapa watasema nimeshindwa. Akavuka wa kwanza, na wote wakamfuata, Bagalu upande huu na Bagika upande ule, mpaka wakakutana katikati ya ngitili wakishangilia. Nyasi zilikuwa zimelala chini ya matawi ya miiba.

Oktoba ng'ombe wawili wa Sikujua walikufa kwa kukosa malisho. Novemba, siku chache kabla ya mvua, akafa wa tatu.

Athanas alitaka kesi iende barazani. Baba akakataa kusubiri baraza. Aliviita vyama vyote viwili, akaomba ahukumiwe kwa sheria yao wenyewe. Faini ilijulikana: ng'ombe mmoja achinjwe, aliwe na wote. Walikuwa tayari wanachagua dume letu jekundu Sikujua aliposimama.

"Mkila ng'ombe wa Baba Scolastika, nyasi zangu zitaota? Alinde ngitili mpaka irudi. Na ngoma asiiguse."

Wakakubali wote, hata Bagalu. Ilimchukua miaka mitano. Kila alfajiri baba alichukua fimbo akaizunguka ngitili kwa nje, akifukuza mbuzi wa watu na ng'ombe wake mwenyewe. Walimcheka sana, kiongozi wa ngoma kawa mchunga nyasi. Mchana nikimpelekea ugali nilimkuta anauimba wimbo wa Bagalu kwa sauti ya chini. Mtu akipita, alinyamaza. Nilikuwa namwonea huruma, na nilikuwa namkasirikia.

Visiki vilichipua, nyasi zikarudi, zikanifika kiunoni. Kiangazi cha 1957 kilikuwa kibaya. Malisho yetu yaliisha Agosti, na ng'ombe wetu tulikuwa tukiwainua asubuhi kwa kuwashika mikia. Septemba Sikujua akaja kufungua ngitili na ng'ombe wake mmoja aliyebaki na ndama wake. Aliondoa miiba ya mlangoni, kisha akawazuia wanyama wake kwa fimbo.

"Baba Scolastika," alisema, "wako waingie kwanza."

Baba alivua kofia, akafuta uso kwa hiyo kofia, na ng'ombe wetu wakapita mbele yake. Sikujua alimwita naye aingie. Baba alibaki amesimama nje ya jiwe la chokaa, na mpaka anakufa hakulivuka tena.