Siku Niliyofunga kwa Saa ya Nakonde

Simu ya mama ilikuwa na kengele ya jogoo, na hadi leo nikiisikia kwenye simu ya mtu nahisi ladha ya wali baridi mdomoni. Kengele hiyo ndiyo ilituamsha kula daku. Nilikuwa na miaka kumi, na siku hiyo nilitaka kufunga mpaka magharibi kwa mara ya kwanza. Nyumbani kwetu Tunduma aliyemaliza siku alifuturu mkekani na wakubwa. Asiyemaliza alikula jikoni. Nilikuwa nimechoka kula jikoni.

Tukala mimi na mama, taratibu kabisa, tukanywa maji, tukatia nia. Mama akafungua mlango kwenda kunawa, akasimama tu. Kulikuwa kumepambazuka. Bodaboda walishajaa barabarani. Simu alikuwa ameiacha dirishani, ikashika mtandao wa Zambia usiku, ikajirudisha nyuma saa nzima. Wenzetu wa Nakonde, upande wa Zambia, wako nyuma kwa saa moja, hilo kila mtu mpakani analijua. Adhana nayo ilimezwa na ngurumo za malori. Mama alisema neno moja tu, kwamba tuendelee hivyo hivyo bila kula, halafu tumuulize ustadhi.

Nikaenda shule, nikashinda na njaa. Mchana rafiki yangu wa Kinyiha alininyima kwa makusudi ndizi aliyozoea kunigawia, akaila nyuma ya darasa nisimwone. Yeye Mlutheri, lakini aliiheshimu njaa yangu.

Madrasa ndiyo ilikuwa kazi. Nilimweleza ustadhi kwa sauti ya chini, ila Rukia, mwanafunzi mwenzangu ambaye kwao ni jirani na msikiti, ana masikio.

"Kafunga funga ya Zambia huyo," akawaambia wenzake. "Akafuturu hukohuko Nakonde." Wakacheka mpaka wakalaliana. Akaongeza kwamba mama yangu, kwa vile kwao kijijini Hasamba ni Wakristo, ameingia dini juzi, atajuaje alfajiri.

Hapo machozi yalinitoka.

Ustadhi alinijibu bila kuzungusha. Aliyekula alfajiri ikiwa imeshaingia, hata kama hakujua, ajizuie siku hiyo mpaka jua lizame, kisha ailipe siku nyingine. Mama atalipa. Mimi sijabaleghe, sidaiwi chochote.

"Nenda kanywe maji, mwanangu."

"Sinywi, ustadhi."

"Si nimekwambia hudaiwi?"

"Nilishamwambia Mungu leo nafunga. Siwezi kurudi kumwambia nimeghairi."

Ustadhi akamgeukia Rukia. "Wewe uliacha kula kwa wakati, funga yako ni sahihi. Sasa unaitafuna kwa ulimi. Usipoangalia utabaki na njaa tu."

Jioni mama aliniita mkekani. Shangazi akauliza huyu si alikula mchana kweupe? Mama akanisogezea tende, akasema, "Mwanangu amekaa na njaa yake mpaka mwisho. Mkeka ni wangu."

Kitu nilichokuja kukielewa baadaye sana ni hiki. Wiki chache baada ya Idi, siku ya kawaida tu, nilimkuta mama akikaanga samaki huku haonji chumvi. Nikamletea soda. Akasema atainywa jioni. Nikaona anaringa, nikainywa mwenyewe mbele yake. Kumbe alikuwa anailipa ile siku, peke yake, bila daku la pamoja, bila mkeka, bila mtu wa kumpongeza.

Kwa hiyo hukumu siibishii. Ustadhi alisema kweli, na mama alilipa. Lakini mtu asiniambie ile siku yetu ilikuwa bure kwa sababu ya simu. Nimeshafunga Ramadhani nyingi zilizo sahihi tangu daku mpaka futari, nyingine nikiwa nimekasirika, nyingine nikisengenya watu. Nikiulizwa nilijifunza lini kufunga, nataja ile ambayo haikuhesabiwa. Asiyependa, akamuulize mama.