Mstari wa Congo-Kinshasa

Kompyuta ya baba ilinyamaza Jumatatu asubuhi, katikati ya neno, na Jumamosi ya wiki ileile mdogo wangu alikuwa anaolewa.

Baba haoni. Presha ya macho ilimla taratibu mpaka mwanga ukaisha wote. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kusoma hata gazeti lililofungiwa karanga. Nilimpa kompyuta yangu ya zamani, nikaiwekea Linux kwa sababu virusi vya flashi za watu wa mjini vilikuwa vimenichosha, na ndani yake mna programu inayosoma skrini kwa sauti. Ukibonyeza herufi inaitaja, ukimaliza sentensi inakusomea. Siku ya kwanza ilipomsomea jina lake aliloliandika mwenyewe, baba alivua kofia, ndani ya nyumba! Mimi nilikimbilia jikoni nikalie huko.

Sasa alikuwa anaandika neno la baba wa bibi arusi, lile la kusema mbele ya wakwe. Nilijitolea kumwandikia, akakataa katakata.

"Hapana, mama," aliniambia, maana kwetu baba humwita binti yake mama. "Ile neno ni yangu na mutoto yangu. Kama machine haiseme, basi baba mudogo atasema pa nafasi yangu."

Baba mdogo! Yule akishika kipaza sauti anasimulia safari zake za Zambia mpaka chakula kinapoa. Lakini si hilo lililoniuma. Niliona baba anavyojikunja kitini, kama mtu aliyeambiwa ahame nyumbani kwake.

Basi nikaanza. Spika? Nyimbo zinalia vizuri tu. Nikazima, nikawasha. Nikafungua maandishi ya Kifaransa, ikayasoma mbio, tena kwa madaha. Nikafungua ya Kiswahili, kimya. Asubuhi ile ya Jumatatu programu zilikuwa zimejisasisha, nikajua kisirani kimeingilia hapo. Nikaenda kwenye ukurasa ambapo watengenezaji hupokea taarifa za makosa, nikaandika kwa ukali: programu yenu inakataa.

Kwetu Lubumbashi mashine haiharibiki, inakataa. Gari inakataa, redio inakataa, hata kiberiti kinakataa, utadhani vyote vina roho na kiburi. Nikaona nimeeleza yote.

Sikuwa nimepakua bukari, ugali wetu, bado, jibu likaja. Alikuwa mwanamume wa nchi ya mbali ninayoijua kwenye ramani tu, anaandika Kiingereza, nami nikayapitisha maneno yake kwenye programu ya kutafsiri. "Inakataa vipi?" aliuliza. "Mlifanya nini kabla? Inasema nini?"

Aka! Ingekuwa inasema, ningemwandikia? Nilipiga picha za skrini, nikamtumia rundo, ajionee mwenyewe.

Akajibu kwa upole: "Samahani, picha hazinisaidii. Mimi pia sioni. Niandikie kwa maneno."

Nilisoma mara ya pili, nikaketi. Mungu wangu! Mtu anayetengeneza sauti hii, anayeingia ndani ya matumbo ya programu na kuyashona, hajawahi kuona skrini yenyewe. Hasira yote ilinitoka, nikabaki na mikono mitupu. Nikaenda kumwambia baba.

"Haone?" baba aliuliza. "Na anatengeneza?"

"Ndiyo, baba."

"Anatengeneza na nini?"

"Na masikio, baba. Na vidole."

Baba akaweka viganja vyake juu ya kibodi, taratibu sana, kama anaigusa kwa mara ya kwanza. "Kuya huku," akasema. "Tumuandikie muzuri."

Ualimu ukamrudia palepale. Aliniamuru niandike tulichofungua kwanza, tulichobonyeza baadaye, tulichotegemea kusikia na tulichosikia. Nilipotaka kurudia lile neno langu akanikata: "'Inakataa' haina jibu, mama. Ile ni kulalamika." Nikafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiwasha programu kutoka humo ili niyaone malalamiko yake yenyewe. Kumbe yalikuwepo. Ilikuwa inatafuta sauti ya Kiswahili cha Congo, haiipati, inafunga mdomo.

Hapo nikaelewa. Kwenye orodha ya lugha kuna Kiswahili cha Kenya, cha Tanzania, cha Uganda, na chini kabisa kuna mstari wa Congo-Kinshasa. Baba alijichagulia huo siku ya kwanza. Mtu aliyezaliwa Kambove, huku huku Congo, angechagua cha nani? Sauti ya kwetu haijatengenezwa, lakini zamani programu ilituazimia ile ya pwani bila kusema kitu. Hii mpya haikujua kuazima.

Tulituma. Yule bwana akashukuru, akaandika kwamba kwa sasa tuchague Tanzania tu, itasema papo hapo. Nikarukia kipanya.

"Acha!" baba akasema.

"Baba, ni jina tu! Sauti ni ileile!"

"Kama ni ileile, ju ya nini haiseme pa jina yangu?"

Ilikuwa Jumatano tayari. Nilimbembeleza, nikanuna, nikamwita kichwa kigumu kimoyomoyo. Wapi! Nikamwandikia yule bwana kwa aibu kwamba mzee hataki, nikingoja anicheke.

"Ana haki," alijibu. "Mstari huo tuliuweka sisi. Anayeuchagua lazima asikie sauti. Ni mara yangu ya kwanza kupata habari ya mtu aliyeuchagua."

Alhamisi alituletea marekebisho tuyajaribu. Nilipoyaweka, baba aliandika neno moja: mutoto. Mashine ikalisema, na ile u yetu, ambayo pwani hawaiweki, ikaitamka, kwa lafudhi ya mgeni anayejitahidi. Nilifikiria kwamba marekebisho haya yatafika Likasi, Kalemie, Goma, yataingia nyumba za watu nisiowajua, na yeyote atakayechagua mstari ule atasemeshwa bila kujua kwamba wanaume wawili wasioona walielewana juu yake wakiwa mabara mawili. Nilitaka kumweleza baba, lakini alikuwa ameshanitoa chumbani na kufunga mlango, amalizie neno lake peke yake.

Jumamosi, kwenye ukumbi huko Karavia, alisimama na kompyuta mezani, kisikizi sikioni. Alikuwa anasikiliza sentensi moja, kisha anaisema. Wakwe wakanong'ona: muzee iko naongea na nani ku telefone? Watu wakacheka, naye akacheka nao, akaendelea. Akawashukuru waliotoka mbali, akambariki mdogo wangu. Kisha akasikiliza sentensi moja kwa muda mrefu kuliko nyingine. Nilidhani imekwama tena, nikainuka kitini.

Haikukwama. Baba aligeuza uso upande wa bwana arusi.

"Ule mutoto yangu," akamwambia, "sura yake ya mwisho yenye niliona ni ya mutoto wa masomo, na uniforme yake ya bleu na blanc. Zingine zote, ni wewe utaziona. Ukuwe unaniambia."