Nilimpiga picha mlinzi wa bahari siku ambayo bahari haikuwepo

Wakuu, salamu kutoka Kaplong, huku kwenye mashamba ya chai.

Ukungu umekaa tangu asubuhi na studio haina mteja, kwa hivyo nimepata nafasi ya kuandika jambo ambalo nimelibeba kwa miezi. Sitaongeza chumvi. Jina la mama mmoja nimelibadilisha. Mengine ni vile yalivyokuwa.

Mimi ni mpiga picha, miaka 51. Sikusomea. Nilijifunza kwa kitabu cha mtumba kilichokosa kurasa kumi na moja za mwanzo, na kwa kuharibu filamu nyingi. Kazi yangu ni passport, harusi, na picha za programu za mazishi.

Wazee wa huku hawapendi kupigwa picha wakicheka. Wanaona ni utani. Kwa hivyo nimezoea kungoja mpaka uso utulie wenyewe.

Hiyo ndiyo ilinipeleka Pwani. Shirika moja, silitaji, lilitaka picha za viongozi tisa wa vijiji vya kule, wale wanaolinda bahari: wanaopanda mikoko, wanaofukuza nyavu haramu, wanaofunga sehemu fulani isivuliwe ili samaki wazaane. Picha zingetundikwa kwenye maonyesho. Mtu alikuwa ameona picha zangu za wachumaji chai, akawaambia huyu anajua kungoja.

Nilikuwa sijawahi kuona bahari.

Nilifanya kama ninavyofanya kila kazi. Wiki ya kwanza kuzunguka, kuchagua mahali, kupima mwanga, kuandika saa kwenye daftari. Wiki ya pili kupiga. Kwa kiongozi wa saba niliandika hivi: "Alhamisi, saa nne asubuhi, jiwe kubwa, maji yote nyuma yake." Nilihesabu hata hatua kutoka kwenye jiwe.

Ngoja niwaambie huyo wa saba ni nani.

Siku ya kumfahamu nilikuwa nimesimama kando ya banda la wavuvi, naongea na mke wangu kwa simu, Kikipsigis, nikilalamika kwamba siku nne sijaona ugali wa maana. Nikasikia sauti nyuma yangu:

"Chamgei! Kimyet utapata kwangu. Lakini usiniulize ya unga wa wimbi."

Salamu ya kwetu kabisa, na kimyet ndiyo ugali. Karibu niangushe simu. Alikuwa mama wa makamo, leso kiunoni, viatu vya plastiki miguuni. Wenzake humwita Mama Bara. Ndiye mwenyekiti wa kikundi chao. Hapa nitamwita Chelangat. Kwao ni Ndanai, si mbali na kwangu.

Alinipikia kweli. Tukaongea lugha yetu mpaka akaanza kutafuta maneno, akacheka, akasema yameota kutu.

Nilimuuliza mtu wa Ndanai amejifunzaje kulinda bahari. Akasema: "Kwani kwetu hawafungi malisho? Ng'ombe ukiwatoa, nyasi inarudi. Samaki ni vile vile. Hawa walikuwa wanabishana na mimi miaka miwili, mimi nawaambia tu habari ya ng'ombe."

Aliondoka nyumbani na mwanamume ambaye baba yake alimkataa. Baba alimwambia akivuka mto asirudi. Akavuka. Baba alipofariki, habari ilimfikia wiki moja baada ya mazishi. Tangu hapo hakuna aliyemkataza kurudi. Ilibaki aibu.

"Ukikaa miaka mitano unaweza kurudi, ndugu yangu," aliniambia. "Ukikaa ishirini na sita, utaingilia mlango gani?"

Mama yake yuko hai. Ana presha ya macho. Jicho moja limekwisha, la pili linafifia. Huongea kwa simu Krismasi, dakika chache, maana mama hapendi simu. Anasema inamletea sauti isiyo na uso.

Chelangat akaniomba kitu kimoja. Nikishampiga hiyo picha ya maonyesho, nitoe nakala kubwa, ya karatasi, niipeleke Ndanai kwa mkono wangu. "Anione kabla hilo jicho halijafunga," akasema.

Nikaahidi. Nikaandika kwenye daftari na kupigia mstari.

Sasa kosa.

Alhamisi nilifika saa nne kasoro robo. Tripodi, lenzi, shuka jeupe la kurudisha mwanga. Nikaangalia nyuma ya jiwe. Bahari haikuwepo.

Sitanii, wakuu. Pale nilipoona maji wiki iliyopita kulikuwa na matope, majani ya bahari na vidimbwi. Maji yenyewe yalikuwa mstari mwembamba kule mbali. Kwetu mto ukiwa hapa leo, kesho uko hapa. Nilijua neno kupwa na kujaa kutoka shule ya msingi, nikadhani yana saa zao maalum kama kengele. Sikujua saa hizo husogea kila siku, na kwamba baada ya wiki moja mambo hugeuka kabisa.

Mzee mmoja wa kikundi alikuja akasimama kando yangu, akaangalia kamera, akaangalia matope.

"Bwana Chai, leo wampiga Mama Bara au wapiga kaa?"

Walicheka wote. Chelangat alicheka zaidi. Nikamwambia tungoje maji. Haikuwezekana: saa tano alikuwa anaingia mashua kwa doria ya siku mbili, na kesho yake mimi nilikuwa narudi.

"Piga tu," akasema. "Bahari haijapotea. Imeenda, itarudi."

Akasimama kwenye jiwe, mgongo kwa matope, akaangalia upande wa bara. Nilingoja uso utulie. Ulitulia kwa namna ambayo sikuitarajia. Nikapiga.

Shirika waliikataa hiyo picha. Msichana aliyekuwa anasimamia maonyesho aliniuliza kwa heshima: "Mwalimu, mlinzi wa bahari, na bahari iko wapi?" Wakatundika watu wanane. Mtu aliyefunga bahari yenyewe hakuwa ukutani, kwa sababu mimi sikuuliza swali moja ambalo mtoto wa kule angenijibu.

Nilitoa nakala Kericho, kubwa kiasi cha trei ya chai, nikaenda Ndanai.

Mama yake Chelangat, ambaye kila mtu humwita Kogo, yaani nyanya, aliipeleka picha nje kwenye jua. Akaishika karibu sana na jicho linaloona, akaisogeza polepole, paji, pua, mdomo, mpaka miguu. Natafsiri tulivyoongea.

"Amekonda."

"Ni kazi, kogo."

"Sikukuuliza, weri." Yaani kijana. Miaka 51, wakuu.

Akasogeza tena. "Walisema anachunga maji. Maji yako wapi?"

Nikamweleza kosa langu. Kwamba maji yalikuwa yametoka. Kwamba hutoka na kurudi, mara mbili kila siku.

"Mara mbili kila siku."

"Ndio, kogo."

"Na yeye miaka ishirini na sita, hata mara moja."

Nilikunywa mursik niliyopewa, yale maziwa yetu ya mgando, nikaangalia ng'ombe.

Nilikuwa nimepanga kumpiga yeye pia, nimtumie binti. Nikatoa kiti, nikakiweka penye mwanga mzuri. Akakiangalia kile kiti.

"Rudisha. Uso wangu hauendi popote. Akiutaka aje, jicho bado lipo." Halafu akanyoosha fimbo kuelekea nyumba. "Piga mlango."

Ni mlango wa mbao, rangi ya bluu imebanduka, umeinama kidogo. Ulikuwa wazi. Sikuwa nimemwambia neno lolote ambalo Chelangat alisema kuhusu mlango. Naapa sikuwa nimemwambia.

Nikapiga. Nikatuma kwa WhatsApp nikiwa pale pale, na ujumbe: mama amesema uje, jicho bado lipo. Tiki mbili zikawa bluu.

Siku ya tano akaandika: "Hiyo bawaba ya chini nilivunja mimi, nikibembea."

Siku ya sita: "Barabara ya Ndanai inapitika mvua hii?"

Nikajibu: "Inapitika."

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Hajaandika tena na mimi sijamsukuma. Nimepita Ndanai mara mbili kwa kazi zangu. Picha imetundikwa ndani, mkabala na mlango. Mlango haufungwi mchana, hata upepo ukivuma.

Nilichojifunza: ukienda kwa watu usiwaonyeshe daftari lako kabla hujawauliza la kwao. Na ukiwa na picha ya mtu wa mtu, ipeleke kwa mkono.

Siku hizi ninaandika saa za maji ya kule kila asubuhi. Hapa Kaplong hazina kazi yoyote. Sasa hivi yanajaa.

Wakuu, kama kuna aliyewahi kurudi nyumbani baada ya miaka mingi hivyo, niambieni: ni nini kilikufanya ukate tiketi? Nauliza kwa sababu ninataka kujua ninyamaze au niandike.