Kichaka cha Juu ya Kisima

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo na mvi zangu hizi naona haya kama msichana. Nilikuwa nimeolewa Seme, karibu na Kombewa, miaka ile vijana wetu waliporudi kutoka vita vya Burma na makoti mazito yasiyofaa kwa jua letu. Mimi nilitoka Nyamasaria. Usifikirie Nyamasaria ya leo ya nyumba za kupanga na magari ya Nairobi. Yetu ilikuwa tambarare, matope na ng'ombe, na maji ya kunywa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tuliyaacha mtungini mpaka tope litulie, kisha tukanywa ya juu, tena kwa kushukuru.

Basi siku mama mkwe wangu, Mama Awuor, aliponipeleka kisimani kwake mara ya kwanza, nilidhani naota. Maji yalitoka chini ya jiwe, meupe, ukaona punje za mchanga zikicheza. Yalikuwa baridi ya kuuma meno. Nilimaliza kibuyu kizima, naye akacheka.

"Polepole, Nyar Kano," akaniambia. "Kisima hakina miguu, kesho utakikuta."

Ndivyo walivyoniita, binti wa Kano, tambarare ile ya kwetu, kwa kuwa huku kwetu mke huitwa kwa alikotoka.

Kisima kile kilikuwa na miiko yake. Hakuna kuchota kwa sufuria yenye masizi. Kibuyu cha kazi hiyo kilining'inia mtini. Kufua ni chini, na ng'ombe ni chini zaidi ya wanaofua. Na mteremko wote wa juu ulikuwa kichaka, miti na nyasi zimeshikana, wala hakuna aliyethubutu kukata hata fito. Nilipouliza kwa nini, Mama Awuor alijibu, "Tulikikuta hivyo." Jibu hilo halikunitosha. Nilikuwa kijana, na kijana akinyimwa sababu huona mwiko ni uvivu wa wazee tu.

Kwetu tambarare kichaka cha majini ni adui. Ndani yake kuna nyoka, kuna kiboko, na mke anayekiacha kikue husemwa na kijiji kizima. Sasa Mama Awuor akaenda Luanda Kotieno kumzika kaka yake, na unajua matanga yetu hayaishi kesho. Mume wangu alikuwa kibarua wa reli Kisumu. Nikabaki mimi na jembe langu na kiburi changu. Nikasema, mama akirudi atakuta shamba, atajua mwanawe ameoa mchapakazi. Nilikata, nikachoma, nikapanda mahindi mpaka ukingoni mwa kisima. Na nilikuwa naimba! Nikikumbuka nyimbo zile natamani kujizaba kofi.

Alirudi mchana, vumbi limempanda mpaka magotini. Nilimpeleka mwenyewe, nikitabasamu. Aliketi juu ya kisiki, kisha akashusha kibuyu, akachota maji, akayamwaga kati ya mistari yangu ya mahindi, pale jua lilipokuwa limeukausha udongo ukawa mgumu. Maji yakakimbia mteremkoni na majivu na udongo wake, yakaingia kisimani. Akachota tena, akamwaga penye nyasi nilizozisahau pembeni. Yale yakazama palepale.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona, Mama."

"Kisima kinanywa hapa juu, ndio kinatoa kule chini. Wewe umekiziba mdomo."

Nikaanza kulia. Nikamwambia, "Mama, ningejua nisingekata."

Alirudisha kibuyu mtini. "Uliniuliza, mimi sikukueleza. Hilo ni kosa langu. Lakini kukata ni kwako."

Hakunipiga, hakunisema kwa majirani. Afadhali angenipiga.

Mvua zilipokuja kisima kiligeuka tope, na kiangazi kilipofika kikawa kinadondoka tone kwa tone. Tukaanza kwenda ziwani, tukiondoka jogoo akiwika na kurudi jua likiwa limekaza, yeye na magoti yake mabovu, mimi na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Siku nyingine maji ya ziwa yalikuwa meupe kabisa, nami nikampa mtoto. Sikujiuliza nani ameogea pale, wala ng'ombe wangapi wamepita. Mtoto akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Mganga wa zahanati alimwokoa, kisha akanikaripia: weupe wa maji si usafi wake, maji hubeba kila yanachokutana nacho njiani, chemsha kila tone. Tangu siku hiyo nilichemsha.

Na nilipanda upya. Miche niliibeba kichwani kutoka ng'ambo ya kijito, nyasi niliziotesha kwa mkono. Miti ilikua, lakini polepole mno. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Kisima kilirudi nusu, maji yake yametibuka rangi ya maziwa, na ule ubaridi wake haukurudi. Hata sasa nautamani. Naamka na kiu ambayo maji ya mfereji wa Kisumu hayawezi kuikata.

Miaka ikapita, Mama Awuor akaugua. Chakula kilimshinda. Siku moja akanishika mkono. "Nyar Kano, ninataka maji ya kisima chetu. Yale ya zamani."

Ningeyatoa wapi? Nilikwenda nikachota yaliyokuwepo, nikayachuja kwa kitambaa safi, nikayachemsha jikoni kwa kuni, nikayaacha kwenye mtungi siku mbili yapoe mpaka mtungi ukatoka jasho. Nikamletea kwa kibuyu kilekile. Akaonja, akafumba macho.

"Umeyatoa wapi?"

"Kisimani, Mama. Ni yaleyale."

Akatabasamu. "Kisima chetu hakikuwa na ladha ya moshi, mwanangu."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Kisha akasema, "Niongeze," akanywa yote, mpaka tone la mwisho, na moshi wake.

Tulimzika wiki hiyo.

Basi nisikie. Ukiona kichaka juu ya kisima, kiache. Ndimo mvua inamokaa ikisubiri zamu yake. Kabla ya kunywa, fuata maji yale kwa macho hadi yalikotoka, uone yamepita kwa nani, na usipoona mwisho wake, chemsha. Ukipewa mwiko usiouelewa, uliza mara ya pili na ya tatu kabla hujashika jembe. Na wewe ukizeeka, ukaulizwa na kijana, usimjibu "tulikikuta hivyo." Shusha kibuyu, mwagia nyasi, mwagia na udongo mtupu, mwache aone mwenyewe. Mimi nilioneshwa kichaka kikiwa kimeshakuwa majivu.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, na mvua ya kiasi. Akupe mkwe mwenye subira kama wangu. Na wajukuu zako wachote kwa kibuyu chini ya jiwe, maji baridi ya kuuma meno, yasiyo na ladha ya moshi.