Hodi ya Sajini

Sajini hupiga hodi kwa sauti ya jirani aliyekuja kuomba chumvi, hata akiambiwa ndani mna majambazi, kisha hupangusa viatu kwenye majani akingoja kukaribishwa. Leo mchana simu iliyopigwa kituoni kuhusu majambazi ilikuwa ya uongo. Mama mwenye nyumba alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi, na Konstebo Makhanu akamwelekezea bunduki. Sajini akaushusha mtutu kwa kiganja chake kinene. "Mama, kimbilia ugali, unaungua!" Mama akacheka, akakimbilia jikoni.

"Aliyepiga simu tutamsaka," Sajini akamwambia Makhanu. "Wewe ingia kwanza umwombe mama msamaha. Kituoni nitaripoti ulichofanya."

"Lakini sikufyatua, afande!"

"Ndiyo maana nakwambia ingia," akasema, akimsukuma kwa kiganja kile kile. "Wa kukusamehe bado yuko hai."