Melania na Viraka vya Rodgers

Melania wa Katubuka hakuwa mtu wa kusahau. Programu ya kampuni ya kusafirisha dagaa pale Kibirizi aliiandika yeye, kila kazi na chumba chake: kupokea magunia kivyake, kupanga malori kivyake, kuwatumia wenye mzigo ujumbe kivyake. Kila mbalamwezi, dagaa wasipovulika kwa mwanga wa mwezi, mitumbwi ikipumzika na wavuvi wakishona nyavu, naye aliisimamisha akaisafisha.

Meneja Rodgers aliuita usafi huo uvivu. "Kitu kinafanya kazi, unakifungua cha nini?" Akamfukuza mbele ya wafanyakazi wote, akimwambia akashone nyavu na wavuvi wenzake. Maneno yale yalimkaa Melania kooni kama mwiba wa samaki mgebuka.

Baada ya hapo ikawa viraka tu. Rodgers akitaka jambo, vijana wake wa kompyuta wanalichomeka popote, harakaharaka. Sehemu ya ujumbe ikaanza kuchokonoa mambo ya malori, malori yakaingilia magunia. Ukigusa huku, kunaharibika kule. Mwishowe walibadilisha salamu tu kwenye ujumbe wa wateja, na magunia ya Bi Winfrida wa Kasingirima yakaenda Tabora badala ya Mwanza, yakanyeshewa huko. Wafanyabiashara wakasema wanahama.

Rodgers akaenda Katubuka mwenyewe. Alikuwa amekonda, na Melania alifurahi kumwona vile, tena sana.

"Dada Melania, tuandikie mpya yote."

"Mpya nayo utaiharibu vilevile. Nitatengeneza hiihii, chumba kimoja kimoja, mbalamwezi ikiingia. Na kila kiraka nitakachotoa, utasimama mwaloni, mitumbwi inaposhusha, mbele ya wenye mzigo, useme nani aliagiza na kwa nini kinatolewa."

Akakubali. Angefanyaje?

Mbalamwezi ilipoingia Rodgers akasimama mwaloni juu ya kreti, Bi Winfrida yuko mbele kakunja mikono. "Hiki niliagiza mimi. Sikutaka kusubiri, kikachanganya ujumbe na malori." Akina mama wenye mzigo wakacheka mpaka wakaegemeana. Melania akatenganisha ujumbe na malori, akajaribu, mzigo ukaenda kunakotakiwa, ndipo akamwita kwa kiraka kingine. Hakuharakisha hata kidogo.

Jioni Rodgers akajifuta jasho. "Bado vingapi, nimalize?"

Melania akafunga kompyuta. "Vya zamani vitaisha. Lakini programu huchakaa kila inapobadilishwa, na wewe huachi kuagiza. Mbalamwezi ijayo uwahi, akina mama wameshakuzoea."