Sanduku la Maji Kwenye Kabati la Hita

Harufu ya vumbi linaloungua ndiyo iliyotutangazia kwamba baridi imeingia. Siku baba alipowasha hita kwa mara ya kwanza baada ya miezi ya joto, mashine iliyokaa ndani ya kabati la ukumbini ilikohoa, ikanguruma, kisha ikaanza kupuliza hewa ya moto kupitia matundu yenye vyuma yaliyokuwa sakafuni mwa kila chumba, na vumbi lote lililolala humo likatujia puani. Nyumba yetu ilikuwa Castle Vale, mtaa wa Birmingham, Uingereza, kwenye ardhi tambarare ambako zamani zilitua ndege, na upepo ulipita pale bila kizuizi. Nyumba nyingine nilizozijua zilikuwa na vyuma vya maji ya moto ukutani. Yetu ilipashwa kwa hewa. Asubuhi kabla ya shule nilisimama juu ya tundu la jikoni hadi sketi yangu ikavimba kama puto, na mama akanifukuza kwa mwiko.

Nilikuwa na miaka tisa majira hayo ya baridi bibi alipokuja kukaa nasi. Alikuwa mama yake baba, mzaliwa wa Unguja, mwalimu wa chuo aliyewasomesha Kurani watoto wa mtaa mzima kwa sauti ambayo baba alisema ilisikika mpaka sokoni. Babu alikuwa amefariki, na baba, mtoto pekee aliyebaki, hakutaka mama yake azeeke peke yake. Mama yangu kwa upande wake alikuwa mtu wa Uvira, kule Kongo, aliyefika Birmingham akiwa mkimbizi. Baba alikwenda msikitini Ijumaa, mama kanisani Jumapili, na mimi sikuwahi kuona ajabu yoyote katika jambo hilo mpaka bibi alipoingia na masanduku yake. Hakusema neno baya. Alimwita mama "mama Zuhura," kwa jina langu, kwa adabu kamili, ila ilikuwa adabu ya kumweka mtu mbali. Mama aliposema, "Mama, chai iko tayari, iko inapoa," bibi alitabasamu kidogo na kuniambia mimi, "Chai inapoa, mjukuu wangu. Ndivyo tusemavyo." Mama alirudi jikoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini nani angempa jembe mama mkwe?

Kilichomshinda bibi hakikuwa baridi. Baridi aliitarajia, akajifunga sweta mbili na soksi za sufu. Kilichomshinda ni ukavu. Hewa ile ya moto ilitembea usiku na mchana, ikamnyonya. Midomo ilipasuka, ngozi ya miguu ikawa na unga mweupe hata alipojipaka mafuta ya nazi, na alipogusa kitasa cha mlango cheche ya umeme wa hewa kavu ilimruka akashtuka na kuomba kinga kwa Mola. Kisha sauti yake ikaanza kukatika. Alifungua msahafu alasiri, akasoma aya mbili tatu, na koo likakwama kama mlango uliovimba. Siku moja alipoinuka kutoka sijda niliona tone la damu juu ya mswala, kisha la pili. Damu ilikuwa ikitoka puani. Aliketi, akakandamiza pua kwa ncha ya kanga, akamwambia baba kwa sauti iliyokauka, "Salim mwanangu, nyumba hii yanikausha. Nimekuwa samaki ng'onda, aliyeanikwa juani. Nirejeshe kwetu nife na sauti yangu." Baba alisimama mlangoni na sare yake ya kazi.

Tulijaribu ya kwetu. Baba aliweka mabeseni ya maji karibu na matundu, mama akatandaza taulo mbichi juu ya viti, na nyumba ikafanana na ya dobi. Maji ya beseni yalipungua kidogo tu, na bibi aliendelea kukohoa. Aliyegundua jambo ni mama. Akitafuta ubao wa kupigia pasi ndani ya kabati la hita, aliona sanduku la bati limefungwa ubavuni mwa bomba kubwa la hewa, na kijibomba chembamba cha shaba kikiingia ndani yake. Fundi wa gesi alipokuja kukagua mashine, kama alivyokuja kila mwaka, mama alimshika mkono akamwonyesha. Fundi alicheka kwa mshangao. Alisema hiyo ni hyumidifaya ya nyumba nzima, kitu cha nadra nchini humu, lazima mwenye nyumba wa zamani aliifunga mwenyewe kwa gharama yake. Maji yanadondoka polepole juu ya pedi nene, hewa ya moto inapita katikati ya pedi, inachukua unyevu na kuupeleka kila chumba. Yanayobaki yanatoka kwa mpira mpaka kwenye mfereji. Pedi ilikuwa imekauka ngumu kama mkate wa juzi. Akaagiza nyingine, akarudi kuifunga, akafungua valvu, na sisi sote tukasimama mbele ya kabati tukisikiliza maji yakidondoka.

Kabla hajaondoka alimwelekeza mama, na mimi nikamtafsiria pale Kiingereza chake cha Birmingham kilipokwenda mbio. Pedi ibadilishwe kila majira ya baridi. Trei ioshwe kwa siki, kwa maana maji ya mji huu ni laini, hayaachi chokaa nyingi, lakini utelezi huota. Kiangazi valvu ifungwe. Na kitasa hiki cha kuongeza na kupunguza unyevu, akasema akikigonga kwa kidole, kisipandishwe ovyo: kadiri nje panavyozidi kuganda, ndivyo mnavyokishusha. Angalieni madirisha. Yakianza kutoa jasho, mmezidisha. Mama aliitikia kwa kichwa kila neno. Tangu siku hiyo akawa mwangalizi wa sanduku. Kila Jumamosi alifungua kifuniko, akaosha trei, akapangusa, akafunga. Baada ya wiki chache midomo ya bibi ilipona, damu ikakoma, na alasiri moja nilirudi shuleni nikaikuta sauti yake imejaa nyumba nzima, nzito, haina ufa. Mama alikuwa jikoni amesimama na kisu mkononi, kitunguu nusu kimekatwa, anasikiliza.

Ingeishia hapo kama si mapenzi ya baba. Baridi kali ilishuka, theluji ikaganda barabarani, na bibi akalalamika kidogo tu kwamba koo linawasha. Baba akaenda kabatini, akazungusha kitasa mpaka mwisho. Hakumwambia mtu. Asubuhi madirisha yalitiririka maji. Mama alikishusha, baba akakipandisha tena, akiamini kimejishusha chenyewe au kimeharibika. Mama alifuta vioo kwa matambara siku baada ya siku akishangaa. Nyuma ya kitanda cha bibi, mahali ambapo hatukuona, ukuta wa nje uliloa, na ukungu mweusi ukaota kama manyoya. Bibi alilala kichwa chake kikiwa karibu nao. Usipoziba ufa utajenga ukuta; sisi ufa hatukuuona, na siku ya Jumapili, mama akiwa ndio kwanza amerudi kanisani, bibi alishindwa kuvuta pumzi. Nakumbuka vidole vyake vimeshika ukingo wa meza, mabega yakipanda na kushuka, na macho yake yakimtazama baba kana kwamba yeye ndiye aliyezuia hewa. Gari la wagonjwa lilimchukua.

Alilazwa hospitali siku nyingi. Daktari alisema ni kifua, na alipouliza kuhusu nyumba na kusikia habari za ukungu tulioukuta nyuma ya kitanda, akasema bibi asirudi katika chumba kile mpaka kikauke. Tulipokwenda kumwona, bibi alimtazama mama na kusema taratibu, mbele yetu sote, "Mama Zuhura, wewe na sanduku lako. Umenitia maji kifuani." Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilijua, na baba alijua, nani alikuwa amezungusha kitasa, maana siku mbili kabla ya hapo niliwasikia yeye na mama wakizungumza jikoni, na baba alikiri akilia. Mama angeweza kusema neno moja. Badala yake alimwekea bibi uji kwenye kikombe, akasema, "Pole, mama," akaanza kumpaka mafuta miguuni.

Ni baba aliyeshindwa kuvumilia kimya kile. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, ni mimi. Yeye alikuwa akikishusha kitasa, mimi nakipandisha. Nilitaka upone upesi." Bibi alimtazama mwanawe, kisha akamtazama mama, ambaye hakuacha kumpaka mafuta. "Na wewe," bibi akamwuliza, "mbona hukusema?" Mama akajibu kwa Kiswahili chake cha Uvira, bila kukitengeneza: "Mama, ule ni mutoto yako. Ningesema nini?" Bibi alinyoosha mkono uliochomwa sindano, akamshika mama kichwani, juu ya kitambaa chake cha kwendea kanisani. "Mwanangu," akasema. Mama aliinamisha uso, na mafuta yakamwagika shukani.

Bibi aliishi nasi miaka sita zaidi. Mama alisugua ukungu, baba akapaka rangi, kitanda kikasogezwa mbali na ukuta, na kitasa hakikuguswa na mkono mwingine ila wa mama. Tulimzika bibi hapa Birmingham, katika udongo mzito wenye maji.

Sasa naishi Acocks Green, mtaa mwingine wa mji huu, na mume wangu na watoto wawili wanaosikia Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Kila chumba kina joto lake na mlango wake, na simu yangu huniambia unyevu wa nyumba nikiwa kazini. Ukuta wangu haujawahi kuota ukungu. Castle Vale tulivuta hewa moja. Alichokifanya mmoja kwa hewa ile, kwa wema au kwa kosa, kiliwafika wote kabla ya jioni, na ilibidi tusemezane. Mama, ambaye sasa ni mzee na amebaki peke yake, alilala kwangu mwezi uliopita. Asubuhi, macho mekundu, aliniambia alikohoa usiku kucha. Nikamwuliza kwa nini hakuniita. Alikoroga chai yake. "Niliona mulango yako imefungwa," akasema.